Ukurasa wa Pili wa Ripoti Yako

Mpendwa Shangazi Kadzo,

Shikamoo. Najua ukifika hapa utaitikia marahaba kwa sauti, kama unavyoitikia hata salamu za redioni, na mama wa kitanda cha pili atageuka aone unazungumza na nani. Mwambie unazungumza na mimi.

Barua hii nitampa Baba kesho asubuhi kabla hajaenda Miritini kupanda treni ya kuja huko Nairobi. Sijaifunga kwa gundi. Nimemwambia akitaka kuisoma njiani aisome, kwa sababu hata yeye hajui ninachotaka kukuambia. Alicheka, akasema siri zangu na zako ni za hadithi za vitabu tu. Laiti ingekuwa hivyo.

Alhamisi unapasuliwa. Nataka ulijue jambo hili kabla ya siku hiyo, na ulijue kutoka kwangu. Naomba usome polepole kwa kidole, kama unavyosoma Zaburi, usiruke mahali. Mimi nimeandika bila kuruka.

Unakumbuka tulivyoanza kusomeana? Mama alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi Uarabuni, nami nilikuwa darasa la tatu, mtoto asiyeweza hata kuomba chumvi dukani bila kutazama miguu yake. Wewe ulikuwa ukirudi kutoka karakana na mfuko wa shanga za kumalizia nyumbani. Unafungua chuma cha kutembelea cha mguu wa kushoto, unakiegemeza ukutani kama mtu anayepumzisha jembe, kisha unakaa kwenye mkeka pale mlangoni kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa bado mzuri. Siku moja uliniambia, "Mikono yangu ina kazi lakini masikio hayana. Nisomee chochote."

Hatukuwa na kitabu cha hadithi. Nikakusomea pakiti ya unga. Nilisoma uzito, nikasoma namna ya kusonga ugali, nikasoma mpaka sanduku la posta la kiwanda. Ulisikiliza kama mtu aliye kanisani. Niliponyamaza ukauliza, "Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho, shangazi."

"Haya. Kesho tafuta kirefu kidogo. Huyu wa unga hana mambo."

Tangu siku ile sijawahi kumaliza kukusomea kitu bila wewe kuuliza swali hilo, wala bila mimi kulijibu. Nilipokuwa ninaazima vitabu shuleni nilikuwa ninachagua kwa ajili ya watu wawili. Ulipenda wenye ukaidi, wale mabibi wanaojibizana na wakwe. Nikifika penye maelezo marefu ya milima na mawingu nilikuwa najaribu kuyapita haraka, na mara moja tu niliruka ukurasa mzima kwa sababu nilikuwa na usingizi. Hukuinua kichwa kwenye shanga zako. Ulisema, "Umeruka. Yule mwanamume alikuwa kitandani anaumwa, sasa yuko sokoni ananunua kuku. Nani alimponya?" Nikarudi nyuma, uso unawaka.

Na ile siku ya vibandiko! Mlipewa vibandiko vya kufunga kwenye mikufu, kila kimoja kina habari za aliyeutengeneza, kwa Kiingereza, ili mgeni anayenunua ajue. Ulileta kile chenye jina lako ukataka kujua umeandikwaje. Nikakutafsiria kwamba Kadzo aliugua polio akiwa mdogo, akateseka sana, akakata tamaa ya maisha, lakini sasa shanga zimempa tumaini. Ulicheka mpaka shanga zikamwagika. "Huyo Kadzo wa kwenye karatasi ana shida kuliko mimi," ukasema. "Ndiyo mwisho? Hawajasema napika pilau?"

Ikawa kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia katika uwanja wetu inaletwa kwangu. Barua za shule za watoto wa jirani, maelekezo ya dawa, tangazo la maji. Wapangaji wote wa nyumba yetu walijua kwamba binti wa Kadzo haongei lakini anasoma. Nilipenda, shangazi. Sitakudanganya tena, kwa hiyo na hili naliandika: nilipenda sana. Shuleni mimi ni mtu wa kukaa nyuma, mwalimu akiniuliza swali sauti inapotea hata nikilijua jibu. Nyumbani watu wazima walikuwa wananyamaza wanisikilize.

Halafu ikaja miguu yako.

Tuliona kwanza kwenye mkanda wa kile chuma chako. Ulikuwa unaufunga tundu la tatu tangu nikufahamu. Mwanzoni mwa mwaka ukahamia la nne, kisha la tano, kisha ukaniomba nitoboe jingine kwa msumari wa moto. Karisa, fundi wenu wa shaba, alikutania mbele ya karakana nzima kwamba umenenepa miguu tu, kwamba wali wako unashuka haukai tumboni. Ukamjibu kwamba wake umepanda ukakaa kichwani. Kila mtu alisema ni kukaa sana. Wewe mwenyewe ulisema hivyo, kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti na kwenye baiskeli ya mikono miaka ishirini, damu yake imesahau njia ya kurudi. Lakini hata mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa ukibonyezwa shimo linabaki, na jioni ulikuwa unauinua juu ya ndoo iliyopinduliwa ukidhani sikuoni.

Ukaenda kwenye kile kipimo cha kupakwa mafuta baridi tumboni na kusuguliwa kwa kile kifaa kama pasi ndogo. Wakakupa bahasha, wakakuambia uipeleke zahanati Jumatatu. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba alikuja kutoka Changamwe moja kwa moja baada ya zamu, bado amevaa viatu vya ghala. Hawe, mama yenu, alikuwa ameshafika kutoka Kaloleni na amekaa kitandani na kanga yake mdomoni. Ukanipa bahasha ukasema, "Haya msomaji. Tusingojee Jumatatu."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyeniambia.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa imejaa maandishi. Niliisoma kimya kwanza, nikarukia chini kwenye hitimisho kama tulivyofundishwa, nikawaeleza kwamba ule mshipa mkubwa wa tumboni, unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda kwenye moyo, una kitu kimeuziba, na kitu hicho kwa kuonekana kwake ni damu iliyoganda. Nikasema ugonjwa huo unajulikana. Nikasema kuna dawa yake, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali.

Hawe alisema, "Bwana asifiwe," akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Baba alivua kofia akajifunika uso, na mabega yake yakashuka. Wewe ulikuwa umeshika kiti kwa mikono miwili muda wote, na nilikuona ukikiachia. Baba akasema huyu si mwanafunzi tena, huyu ni daktari wetu. Hawe akasema nisomeshwe hata kwa kuuza minazi.

Wakati wanasema hayo nilikuwa nimeshaifunua karatasi ya pili. Ilikuwa na mistari mitatu tu, na sahihi, na muhuri. Kulikuwa na neno moja nililolifahamu kutoka darasa la biolojia na maneno mawili nisiyoyafahamu. Nilijua kwamba si habari njema. Sikujua ni mbaya kiasi gani. Nilihitaji kamusi, na nilihitaji dakika tano, na ningeweza kusema tu, "Ngojeni, pana maneno siyajui." Ni sentensi fupi. Lakini daktari wao hakutaka kusema kwamba hajui.

Ukaniuliza, "Ndiyo mwisho?"

Nikasema, "Ndiyo mwisho, shangazi."

Nilirudisha karatasi ya kwanza kwenye bahasha. Ya pili niliiweka ndani ya kitabu changu cha Biolojia. Nilijiambia nitalitafuta kila neno kisha nitawaambia baada ya chakula. Nililitafuta nyuma ya pazia, mkiwa mnakula, na nikaelewa. Nilipotoka, Baba alikuwa anasimulia habari ya nyani aliyeingia ghalani kwao, na Hawe, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alikuwa anaomba kuongezwa mchuzi. Nikakaa. Nikala.

Jumatatu nilikwenda shule na kitabu kikiwa mkobani. Ulipeleka zahanati ukurasa mmoja. Daktari wa zahanati akasoma hitimisho, akakuandikia vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, akakuambia uendelee navyo na miguu itapungua.

Shangazi, ilikuwa ni miezi mitano.

Kila siku nilikuwa na nafasi. Wiki ya kwanza nilikuwa naogopa kuwaharibia furaha. Wiki ya pili nilikuwa naogopa mtaniuliza kwa nini sikusema wiki ya kwanza. Baadaye hofu hiyo ya pili ndiyo iliyobaki peke yake, nikaanza kuomba kwamba ukurasa ule uwe umekosea. Ulipomeza kidonge cha asubuhi nilikuwa nakuletea maji mimi mwenyewe, nasimama mpaka unameza, ukanisifu kwa Mama kwenye simu kwamba nakutunza kama yai. Mishipa ilipoanza kuonekana tumboni kwako, ya rangi ya samawati, imejikunja chini ya ngozi, ulinionyesha ukauliza kama vitabu vyangu vinasema chochote. Nikasema sijui. Nilikuwa nimeshasoma kwamba damu ikikosa njia kubwa hujitafutia vinjia vidogo.

Siku zile ndipo nilipokusaidia kutunga mkufu wa buluu na nyeupe, unakumbuka, ule wa harusi ya yule dada wa Kisauni. Mpangilio ulikuwa buluu tatu, nyeupe mbili. Mahali fulani niliweka nyeupe moja nikaona nimeshapita mbali, nikanyamaza. Wewe ulipitisha uzi wote kati ya vidole bila kutazama, ukasimama palepale. Hukunikaripia. Uliufumua wote mpaka pale penye kosa na ukaniwekea mapajani. "Haikuwa kazi kubwa ulipoona," ulisema. "Sasa ndiyo imekuwa kubwa." Nilikwenda msalani nikalia, nawe ukadhani nimelia kwa sababu ya shanga.

Mpaka siku uliposhindwa kuvuta pumzi baada ya kupandisha ile njia ya kanisani, Baba akakupeleka hospitali kubwa ng'ambo ya daraja, nami nikafuata kwa sababu ilikuwa likizo. Pale ndipo tulipokutana na yule daktari kijana mwenye miwani, aliyekuita mama na kukukalisha kabla ya kukaa mwenyewe. Aliomba karatasi zote za mwanzo. Akazisoma zote, polepole. Kisha akaigeuza ile ya ripoti, akaitazama chini kabisa, mahali ambapo kwa maandishi madogo pameandikwa kwamba huu ni ukurasa wa kwanza kati ya mbili.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

Baba akasema labda hawakutoa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Kitabu cha Biolojia kilikuwa nyumbani, juu ya kabati, na nilikuwa naona rangi ya jalada lake kama kiko mbele yangu. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema kitu, au labda ni uongo na nisingesema kitu, wewe ulicheka kidogo ukamwambia daktari akusamehe, kosa ni lako. "Miye na makaratasi hatuelewani. Huenda nimefungia shanga."

Ulimwomba radhi, shangazi. Kwa kosa langu. Na mimi nikanyamaza, nikakuacha uombe.

Nimesema uongo mara mbili katika jambo hili, ile Jumamosi na siku uliponionyesha mishipa. Lakini kunyamaza kule hospitalini nakuhesabu kuwa kubaya zaidi, kwa sababu ile Jumamosi niliogopa ghafla, na siku ile nilikuwa nimepata miezi mitano ya kufikiri.

Mengine unayajua kwa sababu ni mwili wako, lakini nayaandika ili ujue kwamba nilisikia yote. Ulipoingizwa kwenye ile mashine ya duara na kudungwa dawa ya rangi, daktari alituita akachora nyuma ya karatasi. Alisema damu iliyoganda ni kama tope ndani ya bomba. Haina mizizi wala hainywi, na dawa ya rangi ikipita, tope linabaki vilevile. Kilichomo kwenye mshipa wako kilikuwa kimeinywa rangi. Maana yake kina vijishipa vyake chenyewe, ni kitu kinachoishi, na tangu kile kipimo cha kwanza kilikuwa kimekua ingawa umemeza vidonge vyote.

"Kwa hiyo kinakula kwangu," ulisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kodi hakilipi."

Daktari alijaribu asicheke akashindwa. Baba hakucheka.

Kisha wakapitisha waya mwembamba kutoka shingoni mpaka ndani ya ule mshipa, wakanyofoa kipande kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Ulitoka umefungwa bandeji ukamwambia Karisa, aliyekuja kukutazama, kwamba kumbe na madaktari wanatunga shanga, tena wao wanatungia ndani. Majibu yalikawia kwa sababu kipande kilipelekwa kusomwa mara mbili. Ugonjwa wenyewe ni adimu mno. Daktari alisema ameusoma vitabuni na hajawahi kumwona mtu aliye nao: saratani inayoota katika misuli ya ukuta wa mshipa wenyewe. Haikutoka kwingine ikaja pale. Ilianzia palepale. Haikuletwa na kukaa, wala na polio, wala na mtu. Nilipoona unashusha pumzi kwa hilo, nilijua ulikuwa umejilaumu kimyakimya, na nikashindwa kukutazama.

Sasa uko Nairobi, na mpango Baba ametueleza. Watakata sehemu ya mshipa pamoja na uvimbe, na pale palipokatwa wataweka mrija uliotengenezwa kiwandani. Figo la kulia huenda likatolewa, kwa kuwa mshipa wake unaingia hapohapo na uvimbe umelifikia. Kwenye mapafu na ini picha hazionyeshi kitu. Baada ya upasuaji wataamua kama utahitaji dawa au miale.

Sasa nikuambie la Jumamosi iliyopita. Madaktari wa huko waliomba nakala za karatasi zako zote, na Baba akanituma kwa yule daktari mwenye miwani nikazichukue. Nilikwenda na kitabu cha Biolojia. Nilipokaa mbele yake nilikifungua nikamwekea ukurasa wa pili mezani, wenye alama ya kukunjwa katikati. Akausoma mara mbili kabla sijaeleza.

Aliniuliza nina miaka mingapi. Kisha akauliza nani alinipa kazi ya kusoma ripoti za wagonjwa, nikamwambia hakuna aliyenipa, ndiyo kazi yangu nyumbani. Akasema na wao madaktari wanakosea, wanapompa mgonjwa bahasha ya lugha asiyoijua na kumwambia aende nayo. Lakini sikuwa nimekwenda kusikia makosa yao. Nikamuuliza kama ningeutoa siku ileile ingekuwaje.

"Uvimbe ulikuwa mdogo," alisema. "Figo huenda lisingeguswa. Zaidi ya hapo sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri."

Namshukuru kwa hilo. Kisha akaupiga nakala ukurasa ule, akauingiza kwenye faili, akasema faili itasafiri na Baba, na kwamba huko watauona. "Lakini asiambiwe na faili," alisema. "Nenda ukamwambie wewe."

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja. Ukaniambia wodini kumekuwa kimya, akina mama wana hofu, niwasomee kile kitabu cha mama mkwe tulichokiacha katikati. Ukaweka sauti ya juu. Nikasoma sura nzima, na nikawasikia wakimlaani yule mama mkwe, mmoja kwa Kikamba. Nilipomaliza, haikuwa sauti yako iliyouliza. Ilikuwa ya mama mwingine kabisa, mzee, kwa mbali: "Ndiyo mwisho?" Nikasikia ukicheka, umewafundisha. Nikasema ndiyo mwisho. Kiganjani maneno yalikuwa yamefutika kwa jasho.

Majuzi jirani yetu Mama Furaha aliniletea karatasi ya kipimo cha mtoto wake. Nilimsomea yote, na nilipofika penye neno nisilolijua nilimwambia silijui, twende tukaulize zahanati. Alinikasirikia. Alisema siku hizi nimekuwa mkavu, kwamba ningeweza kumpunguzia mtu wasiwasi kwa maneno mazuri. Tulikwenda zahanati, nikasimama nje mpaka akatoka, na mpaka leo hajanisalimia vizuri.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Nakujua, utataka kuniambia hivyo hata kabla ya kufika hapa, utatafuta kalamu ya nesi. Naomba usifanye haraka. Chukua siku zako. Kama utakasirika, kasirika, na kama hutaki nikusomee tena, nitaelewa ingawa sijui jioni nitafanya nini. Ninachokiogopa zaidi ya hasira yako ni hiki: kwamba kuanzia leo kila nitakapofunga kitabu utauliza swali lako, nami nitajibu, nawe utanyamaza kidogo kabla ya kusema haya. Hicho kimya kidogo nitakuwa nimekistahili.

Chuma chako nimekipaka mafuta kisishike kutu, na kiko palepale ukutani. Ngozi ya mkanda nimeibadilisha. Nimetoboa matundu yote, hata lile la tatu.

Sasa kaa vizuri, mwambie mama wa kitanda cha pili anyamaze kidogo. Nasimama, kama siku ile. Hii ni karatasi ya pili, na hivi ndivyo ilivyosema:

"Hata hivyo, picha hii peke yake haiwezi kuondoa uwezekano kwamba kilichomo ndani ya mshipa si damu iliyoganda, bali ni uvimbe unaoota kwenye ukuta wake. Tunashauri mgonjwa afanyiwe picha nyingine yenye dawa ya rangi bila kuchelewa. Tunashauri pia aonwe mapema na daktari bingwa wa mishipa."

Chini yake pana sahihi, na muhuri wa duara uliofifia upande mmoja.

Ndiyo mwisho, shangazi.

Mtoto wa kaka yako,
Sidi